Maswali Yenu: Sampuli ya Tangi la Mafuta

Barua za safari hii zinatoka kwa watu wa depo. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mafuta yaliyomo chupani ni yale yale yaliyomo tangini? Sampuli ikiharibikia pale juu ya tangi, hakuna mkemia wala mashine ya kuitengeneza.

SWALI: Shikamooni. Nafanya kazi depo ya dizeli, tangi letu kubwa lina kipenyo cha mita 30. Nikitumwa sampuli nashusha chupa kwa kukisia mpaka nione nimefika katikati, nachota, basi. Mkaguzi wa mzigo ameikataa, anataka chupa tatu. Kwa nini moja haitoshi, na hizo tatu zinachotwa wapi hasa? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Marahaba. Mkaguzi yuko sahihi. Tangi la kipenyo hicho likiwa na mafuta ya kina cha mita 12 limebeba takriban mita za ujazo 8,480, yaani karibu lita milioni nane na nusu. Chupa yako ya lita moja ndiyo itakayousemea mzigo wote huo, na mafuta ya tangini si lazima yafanane kutoka juu hadi chini. Meli ikishusha dizeli nzito kidogo kwenye tangi lenye dizeli nyepesi, ile nzito hulala chini na nyepesi hubebwa juu yake. Tangi lisipokuwa na kichanganyio, tabaka hizo zaweza kukaa hivyo siku nyingi. Hata dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hukaa vivyo hivyo ikiwa haikuchanganywa vizuri: mafuta ya taa ni mepesi, yanapanda.

Utaratibu wa ASTM D4057 na wa ISO 3170, yaani viwango vya kimataifa vya kuchota sampuli za mafuta, ni kugawa kina cha mafuta mafungu matatu yaliyo sawa, kisha kuchota katikati ya kila fungu. Kutoka usoni mwa mafuta, hiyo ni sehemu moja ya sita ya kina, nusu ya kina, na sehemu tano za sita. Kwa mita 12 unapata mita 2, mita 6 na mita 10. Kwa ASTM, kina kikiwa chini ya mita 3 inatosha sampuli ya kati. Kati ya mita 3 na 4.5 chota ya juu na ya chini; kikizidi hapo, zote tatu. Anza na ya juu, umalizie na ya chini, ili chupa isivuruge mafuta ambayo bado hujayachota.

Wengi hupotea kwenye kamba. Vina hivyo vinahesabiwa kutoka usoni mwa mafuta, lakini wewe unashika kamba kwenye ukingo wa tundu la kupimia, lile lililo paani mwa tangi. Tuseme kutoka alama ya rejea ya tundu hadi sakafu ya tangi ni mita 15, na mafuta ni mita 12. Juu ya mafuta kuna mita 3 tupu. Kwa hiyo alama za kamba yako ni mita 5, 9 na 13. Alama hizo zipimwe mpaka mdomo wa chupa. Ukizipima mpaka fundo la kamba, kishikio (kile kinachobeba chupa mwishoni mwa kamba) pekee chaweza kukudanganya kwa sentimita 30. Kamba ya asili pia hubadilika urefu ikilowa, hivyo ipime mara kwa mara kwa tepu ya dipu, ile ya kupimia kina cha mafuta.

Je, hasara ni kubwa kiasi gani? Chukua mfano ambao chupa tatu zinasoma densiti (kilo za mafuta kwa kila mita ya ujazo) 838.2, 838.6 na 845.1. Wastani ni 840.6. Ukipeleka ya juu peke yake umepunguza densiti kwa 2.4, na kwa mita za ujazo 8,480 hizo ni tani 20 zilizopotea kwenye karatasi huku mafuta yapo tangini. Na hapo bado usisaini huo wastani. Tofauti kama hiyo inaonyesha kwamba tangi limejitenga kwa tabaka, na chupa tatu hazikuambii mpaka wa tabaka uko wapi. Ongeza sampuli, moja kila mita, au washa mzunguko wa pampu kisha upime upya. Wenzetu wa mafuta ya ndege wana kipimo kikali: densiti za juu, kati na chini zikipishana zaidi ya kilo 3 kwa mita ya ujazo, tangi linahesabiwa kuwa na tabaka.

SWALI: Tunachota tatu kama inavyotakiwa, na kila siku zinasoma sawasawa. Lakini tukianza kupakia magari, mafuta ya kwanza yanatoka mazito kuliko karatasi inavyosema. Maabara inakosea? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kabla ya kuilaumu maabara, angalia kizibo.

Chupa ya kuchotea inashuka ikiwa imezibwa na ina hewa ndani. Kila mita inayoshuka, mafuta yanakisukuma kizibo kwa nguvu zaidi. Kizibo kikiwa kimelegea au kimechakaa ukingoni, chupa inaanza kunywa tangu mita za kwanza. Ukifika chini unavuta kamba ya kizibo, chupa tayari imejaa mafuta ya juu, nawe unaiandika "chini". Chupa zako tatu zinafanana kwa sababu zote tatu zina mafuta ya juu. Tangi nalo linatolea chini, ndiyo maana gari la kwanza linapata yale mazito.

Jaribio lake ni rahisi. Ziba chupa kama kawaida, ishushe mpaka kina cha sampuli ya chini, subiri dakika moja, kisha ipandishe bila kukivuta kizibo. Inatakiwa itoke kavu ndani. Ukiona hata vijiko viwili vya mafuta, tupa kizibo hicho.

Lakini usikimbilie kukipigilia. Kwenye kina cha mita 10 za dizeli, kizibo cha kipenyo cha sentimita 2 kinagandamizwa kwa nguvu ya karibu kilo 2.6, ukiacha mkwamo wake chupani. Kilichokazwa mno hakitoki, au kamba inakatika na chupa inabaki tangini. Kikaze kwa mkono, geuza robo, kisha ujaribu kukivuta ukiwa bado nchi kavu. Kishikio nacho kiwe na uzito wa kutosha, maana chupa ya lita moja yenye hewa inasukumwa juu na dizeli kwa karibu kilo 0.84, kikiwa chepesi chupa inaelea au inashuka imelala.

Ukifika kwenye alama, tulia kidogo, kisha vuta kwa mshtuo mmoja. Mapovu yatapanda usoni. Subiri mpaka yakome kabisa ndipo uipandishe, bila kusimama njiani. Chupa isiyojaa huendelea kunywa kila inapopita, na ikitoka haijajaa, mwaga urudie. Iliyojaa pomoni nayo mwaga kidogo ibaki na nafasi ya asilimia 10 hadi 20, kwa sababu mafuta yakipata joto yanavimba na yatasukuma kifuniko au yatapasua kioo.

SWALI: Kamba za katani zimeisha stoo, tumeletewa za nailoni. Ni imara na haziozi. Pia wakubwa wanataka sampuli mara tu pampu inapozimwa. Kuna ubaya? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Upo, na ni wa kuua. Zirudisheni hizo kamba stoo.

Mafuta yakipita kwenye bomba na hasa kwenye chujio yanabeba umeme tuli. Dizeli ya salfa kidogo na mafuta ya ndege hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo chaji hiyo inakawia kuisha hata baada ya pampu kunyamaza. Matone ya maji yanayozama ndani ya mafuta yanaendelea kuizalisha. Ukishusha kopo la chuma kwa kamba ya nailoni, kopo linapokea chaji na halina pa kuipeleka, kwa sababu nailoni haipitishi. Linapopanda na kukaribia ukingo wa tundu, cheche inaruka, mahali penyewe penye mvuke na hewa. Isitoshe, nailoni ikiteleza kwenye glavu inajichaji yenyewe.

Msidanganyike kwamba dizeli ni salama. Tangi lililowahi kubeba petroli linaweza kuwa na mvuke uliobaki, na mafuta ya ndege aina ya Jet A-1 yanaruhusiwa kuwa na kiwango cha kushika moto cha nyuzi 38 tu, joto ambalo bati la tangi letu la pwani linalipita mchana.

Kwa hiyo: kamba ya pamba au katani, na ninyi wa Tanga ndiyo mko nyumbani kwa katani. Dakika 30 kamili baada ya pampu kusimama kabla ya kushusha kitu chochote cha chuma, iwe chupa ya kishikio, tepu au kipimajoto. Shika chuma cha ngazi kwa mkono mtupu kabla ya kufungua tundu. Nguo za pamba. Kukiwa na radi, hata ya mbali, hakuna anayepanda. Simameni upande upepo unakotoka, uso ukiwa mbali na tundu. Chupa zipandishwe kwenye mfuko wa begani ili mikono yote miwili ibaki kwenye ngazi.

SWALI: Tangi letu la petroli lina paa linaloelea, tunachotea ndani ya bomba la kupimia. Nimeambiwa sampuli hizo si halali. Kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Inategemea bomba hilo lililosimama wima ndani ya tangi. Likiwa limetobolewa matundu au mianya mirefu kutoka chini hadi juu, mafuta ya ndani yanabadilishana na ya nje, sampuli ni nzuri. Likiwa zima, lisitumike. Bomba zima linaingiza mafuta kwa chini tu: yale yaliyotangulia kuingia yanasukumwa juu na kubaki humo, huku nje umeshushwa mzigo mwingine kabisa. Waweza kuwa unapima petroli ya meli iliyotangulia. Michoro ya tangi itakuonyesha. Kama haipo, subiri tangi litakapofunguliwa kusafishwa, mkaangalie kwa macho.

Kama tangi lina bomba dogo la kuchotea ubavuni, mrija wake uwe umeingia ndani ya tangi angalau sentimita 10, na mwage kwanza mafuta yaliyolala njiani, si chini ya mara mbili ya ujazo wa mrija. Mrija wa nusu inchi wenye urefu wa mita 8 unashika lita moja. Mwage lita mbili na zaidi ndipo ujaze chupa.

SWALI: Naweza kuchanganya chupa tatu kuwa moja nikiwa palepale juu? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hapana. Peleka chupa tatu, kila moja na lebo yake: namba ya tangi, aina ya mafuta, kina, tarehe, saa, namba ya lakiri. Maabara ndiyo ichanganye kwa viwango sawa baada ya kupima densiti ya kila moja. Petroli ya kupimiwa nguvu ya mvuke haichanganywi kabisa, kila mmimino unapoteza sehemu nyepesi. Na viwango sawa ni kwa tangi lililosimama. Tangi la kulala lililojaa linachotwa kwenye asilimia 80, 50 na 20 ya kipenyo kutoka sakafuni, kisha linachanganywa 3 kwa 4 kwa 3, kwa sababu tumbo lake ni pana kuliko juu na chini.

SWALI: Nasomea ufundi na natarajia kazi kwenye matangi ya mafuta ghafi Chongoleani. Sampuli za mafuta yale zina upekee gani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Nta. Bomba la kilomita 1,443 litokalo Hoima, Uganda, hadi hapo Chongoleani limebuniwa lipashwe moto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda huganda yakipoa. Chupa baridi ikizamishwa kwenye mafuta ya namna hiyo, nta inashika mdomoni na kuta za ndani. Shingo inaziba kabla chupa haijajaa, na kile kinachoingia kina nta pungufu kuliko tangi. Pasha chupa joto kwanza. Ukifika kwenye alama, iache dakika chache ipate joto la mafuta kabla ya kuvuta kizibo. Tumia chupa yenye mdomo mpana.

Sampuli ikishapoa imekuwa kama siagi, na maji yaliyokuwemo yametua chini au yamenaswa ndani ya nta. Usichote kijiko ukapeleka kupima. Chupa nzima ipashwe ikiwa imefungwa, ichanganywe kwa mashine mpaka maji yatawanyike sawa, ndipo fungu la kipimo litolewe mara moja. Kumimina kutoka chupa hadi chupa bila kuchanganya kunaacha maji yakiwa yamegandia ukutani, na kipimo cha maji kinasoma kidogo kuliko ukweli.

Mafuta ghafi yoyote yanaweza kuwa na gesi ya sumu iitwayo haidrojeni salfaidi. Mwanzo inanuka yai viza, lakini ikifika sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi na hunusi tena, ndipo inapoanza kuwa hatari kubwa. Vaa kipimagesi kifuani karibu na mdomo, mwenzako abaki chini akikuona, na glavu ziwe za kuhimili joto la zaidi ya nyuzi 50, maana kishikio kitatoka na moto huo huo.