Kabla ya Kubisha, Uliza Mwaka

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: amechaguliwa kusoma historia chuoni, na kwao wanamuuliza kama atakula tarehe. Mdogo wangu, mimi swali hilo niliulizwa na mjomba mbele ya wageni. Walicheka sana. Mpaka leo halijanitoka moyoni.

Miaka ikapita, tukakutana kwenye sherehe. Mjomba akawa anasimulia kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaiser (mfalme mkuu wa Ujerumani) Wilhelm II, Mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa. Watu wanaitikia kwa vichwa. Nikamuuliza kwa adabu: mwaka gani? Maana Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari ule mwaka 1886, na mjukuu huyo alikuja kuwa Kaiser mwaka 1888. Kimya! (Nilitamba, sikatai.)

Ila utamu wenyewe unaanzia hapo. Kama hakukuwa na zawadi, nani aliupinda mstari? Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alifanya mkataba Taveta. Mwaka uliofuata Mjerumani Jühlke akapata wake kwa Mangi (mtawala wa Kichagga) Rindi wa Moshi. Wakubwa walipogawana, mstari ukapita kati: Taveta kwa Waingereza, Uchaggani kwa Wajerumani.

Hapo utamsikia mtu anamwita Rindi msaliti. Taratibu! Rindi alikuwa na hasimu mkubwa, Mangi Sina wa Kibosho, na alikuwa akitafuta wa kumwegemea. Ya mbele yake hakuyajua. Sisi ndio tunayajua. Ukitaka kumwelewa mtu wa zamani, jiulize siku ile alikuwa anajua nini, anamwogopa nani. Na ujumbe unaorushwa kwenye simu leo uuhoji hivyo hivyo: kasema nani, lini, ana shida gani na anayemsema. Msiwe wavivu, jamani. Kuuliza mwaka hakugharimu kitu, na bado watu wazima wanasambaza hadithi kama watoto.

Tena usiishie 1886. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi huru za Afrika waliamua kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru. Somalia na Morocco zilipinga. Kwa hiyo anayewalaumu Wazungu peke yao kwa mpaka kuwa pale hadi leo, hesabu yake imekomea katikati.