Kamati ya miti ya jiji haina posho wala tenda

Kila habari zikifika nyumbani kwamba mwenzetu fulani anayeishi Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, ameteuliwa kwenye kamati inayolishauri jiji kuhusu bustani na miti, maswali hurudi yaleyale. Kwa kikao wanampa ngapi? Sasa ni mheshimiwa? Tenda ya kupanda miche si imeshaingia mkononi? Na lile linaloulizwa huku watu wakicheka: mtu mzima anaachaje shifti akakae kujadili miti?

Posho hakuna, jamani. Nauli hakuna. Uheshimiwa nao ni wa jina kwenye kibao cha plastiki mezani, ambacho katibu hukikusanya kikao kikiisha. Ama tenda, ukishaapishwa ndiyo umejifungia nje mwenyewe. Hilo nitalieleza mbele kidogo.

Kwanza hilo la kucheka. Worcester ilijifunza miti kwa hasara. Kimbunga cha 1938 kiliangusha miti ya barabarani, tufani ya Juni 1953 ikapita tena kaskazini mwa jiji, na katika kujaza mapengo jiji likategemea mno mti mmoja unaokua haraka na kustahimili maisha ya barabarani, mepo wa Norway. (Mepo ni ule wenye jani lililo kwenye bendera ya Kanada.) Mitaa mizima ikawa ya ukoo mmoja. Agosti 2008 mkazi mmoja akaripoti mbawakawa mweusi mwenye madoa meupe na vipapasio virefu. Asili ya mdudu huyo ni China na Korea, na husafiri ndani ya mbao za makasha ya mizigo. Buu wake hubungua mti, hasa mepo, kwa ndani. Akishakomaa hutoka kwa tundu la duara la karibu sentimita 1, ukitia penseli inaingia. Mti uliokwisha kubunguliwa hautibiki, hukatwa na kusagwa. Ilikatwa zaidi ya miti 30,000. Likawekwa eneo la karantini la maili za mraba 110, Worcester na miji jirani, ambalo kuni haziruhusiwi kutoka. Wapenzi wa nyama choma walishike hili: kuni ulizopasua nyuma ya nyumba usizipakie kwenye buti kumpelekea shemeji Lowell. Mkaa wa dukani hauna shida.

Kwa hiyo orodha ya miche ya msimu ikiletwa mezani, mjumbe anayejua kazi yake haulizi maua ya rangi gani. Anauliza asilimia. Kipimo kinachotumika sana ni cha Frank Santamour, mtaalamu wa jenetiki ya miti, cha mwaka 1990: mti wa aina moja usizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja (kundi la aina zilizo karibu, kama mepo wote) isizidi 20, familia moja (kundi la jenasi zilizo karibu) isizidi 30. Hesabu hiyo haiwezekani bila sajili ya miti, yaani kila mti wa barabarani uandikwe aina yake, hali yake, mahali ulipo na kipenyo cha shina kilichopimwa kimo cha kifua, sentimita 137 kutoka ardhini. Sajili ikiwa ya miaka 15 iliyopita, mnajadili miti iliyokwisha kufa.

Kuingia si kugumu. Worcester huendeshwa na meneja anayeajiriwa na madiwani, na meneja huyo ndiye huteua wajumbe wa bodi nyingi. Meya hana nguvu zile mnazomdhania. Unajaza fomu ya jiji, unaambatanisha wasifu, unaeleza kwa aya moja au mbili kwa nini unataka, unasubiri. Miezi inaweza kupita. Usiandike kwamba unapenda mazingira, kila mwombaji anayapenda. Andika mtaa unaoishi, miti mingapi imekosekana kati ya kona fulani na kona fulani, na kwamba umewahi kuwa katibu wa chama au wa kanisa. Hilo la mwisho lina uzito kuliko mnavyofikiri, maana mtu aliyezoea ajenda, akidi (idadi ya wajumbe inayotosha kufanya kikao), "natoa hoja" na "naafiki" tayari anajua nusu ya kazi.

Hapa pana shimo, na wenzetu wamo hatarini kulitumbukia. Miji mingine ya Marekani hutaka mjumbe awe mpiga kura aliyesajiliwa. Mingine hutaka ukazi tu. California ilipitisha sheria mwaka 2019 kwamba mkazi yeyote wa jimbo aliyetimiza miaka 18 anaweza kuteuliwa bila kujali uraia wala hadhi yake ya uhamiaji. Massachusetts utasoma hati ya mji husika, na usiposoma utauliza kwa karani wa jiji. Ikiwa fomu inauliza kama umesajiliwa kupiga kura na wewe una kadi ya kijani tu, jibu ni hapana. Usikimbilie kujisajili ili fomu ipite. Tangu sheria ya 1996, kudai uraia wa Marekani ambao huna ni kosa la kukufukuzisha nchini, na milango ya msamaha ni michache mno. Kiti cha miti hakina thamani hiyo. Wala hakikusogezi hatua yoyote kwenye makaratasi ya uhamiaji, kwa hiyo anayewaambia nyumbani kwamba ameingia kamati "ili apate uraia haraka" anawauzia mbuzi kwenye gunia. Na ikiwa mji wako ni kati ya ile michache inayolipa kitu kidogo kwa kikao, na huna kibali cha kazi, zungumza na wakili kabla ya kupokea hata dola moja.

Ukiteuliwa unakula kiapo mbele ya karani wa jiji, halafu makaratasi yanaanza. Ndani ya siku 14 unatia sahihi kwamba umepokea sheria ya vikao vya wazi. Ndani ya siku 30 unafanya mafunzo ya mtandaoni ya sheria ya mgongano wa maslahi, na kuyarudia kila baada ya miaka 2. Sheria hiyo ya pili inakuhesabu mfanyakazi wa manispaa hata kama hulipwi senti, na ndiyo inayoifunga tenda. Ikiwa una kampuni ya kukata nyasi na kupogoa miti, au anayo mkeo, mumeo, mzazi, mtoto, kaka au dada, wako au wa mwenzi wako, hugusi jambo lolote linaloihusu: huchangii hoja, hupigi kura, na salama zaidi ni kutoka chumbani. Binamu hayumo kwenye orodha. Ndugu wa sheria yao ni wachache kuliko ndugu wetu, lakini akionekana binamu yako anabeba miche ya jiji uliyoipigia kura, gazeti la mtaa halitakuuliza tafsiri ya neno ndugu. Zawadi ya dola 50 au zaidi, uliyopewa kwa sababu ya kiti chako, ni marufuku.

Sheria ya vikao vya wazi ndiyo huwanasa watu wetu, na mtego wenyewe ni WhatsApp. Chukua kamati ya wajumbe 7. Akidi ni 4. Mmoja anatuma kwenye kundi picha ya mti wa mbele ya shule akiandika, "Huu ukatwe, umeoza." Wa pili anajibu, "Naunga mkono." Wa tatu anaweka dole gumba. Wa nne anaandika, "Tungoje mvua." Hapo mmeshafanya kikao haramu, maana watu wa kufikia akidi wamejadili jambo la kamati nje ya mkutano uliotangazwa saa 48 kabla, Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Kupitishana kwa mnyororo, huyu amwambie yule naye amwambie mwingine, ni kosa lilelile. Kinachoruhusiwa ni kupanga tarehe na kutumiana ajenda bila maoni. Mkazi yeyote anaweza kulalamika kwa maandishi ndani ya siku 30, na asiporidhika anakwenda kwa mwanasheria mkuu wa jimbo.

Sasa nguvu. Kamati ya ushauri haiamuru. Haiajiri, haifukuzi, haisaini hundi. Nyumbani tumezoea mti kuokolewa na mkubwa. Ule mugumo wa Westlands, Nairobi, uliokuwa kwenye njia ya barabara ya juu, ulipona Novemba 2020 kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta. Huku huokolewa na karatasi iliyofika kwa wakati.

Tangu 1899 kila mji wa Massachusetts unatakiwa kuwa na bwana miti wake, yaani ofisa anayesimamia miti ya umma, na Sura ya 87 ya sheria za jimbo inamfunga mikono. Mti wa kivuli wa umma, ulio ndani ya eneo la barabara au kwenye mpaka wake, haukatwi mpaka kikao cha wazi kifanyike. Tangazo hubandikwa kwenye mti wenyewe siku zisizopungua 7 kabla, na hutoka gazetini wiki 2 mfululizo. Mtu mmoja tu akiwasilisha pingamizi la maandishi kabla ya kikao au kikaoni, bwana miti hawezi kuukata bila idhini ya meya au halmashauri, kutegemea aina ya mji. Barua haihitaji ufundi wala Kiingereza cha kutisha. Inatosha: "Napinga kukatwa kwa mti uliobandikwa tangazo mbele ya nyumba namba hii, mtaa huu. Naomba pingamizi langu liingie kwenye kumbukumbu za kikao." Jina, anwani, tarehe, sahihi.

Watu hukosea hapa kwa namna moja hasa: wanapinga kwa mdomo, kwa uchungu wote, halafu barua inakuja keshoye. Keshoye haihesabiki. Wengine wanapigania mti ulio ndani ya kiwanja cha jirani, ambao sura hiyo haiugusi. Na mti unaohatarisha wapita njia unaweza kuondolewa bila kikao, kwa hiyo usitumie heshima yako yote kutetea shina lililooza. Miche yenye kipenyo kisichofika inchi 1 na nusu, ikipimwa futi moja kutoka ardhini, nayo haina ulinzi huo.

Kilichobaki ni bajeti. Mwaka wa fedha wa miji ya Massachusetts huanza Julai 1, na hesabu huandaliwa majira ya baridi. Ombi la Mei litangoja bajeti ya mwaka mwingine. Machi tayari umechelewa nusu. Na cha kuombea fedha, kwa maoni yangu, ni mambo mawili yasiyopigwa picha: kung'oa visiki, na maji. Kisiki kikikaa, shimo halipandiki, na mtaa unahesabiwa "umeshughulikiwa" huku hauna mti. Mche mpya nao unahitaji galoni 15 hadi 20 kwa wiki, kama lita 60 hadi 75, kiangazi cha kwanza na cha pili angalau. Wanasiasa wanapenda siku ya kupanda, na Agosti hawapo.

Ukitumwa kukagua miche iliyopandwa na mkandarasi, piga goti. Mahali shina linapopanukia kuwa mizizi lazima paonekane juu ya udongo. Shina likizama ardhini kama nguzo ya simu, mche umefukiwa mno na utadhoofika taratibu, miaka michache baada ya dhamana ya mkandarasi kwisha. Shimo liwe pana mara 2 au 3 ya donge la mizizi, kina kisizidi donge lenyewe. Waya na gunia vilivyofungia donge viwe vimeondolewa sehemu ya juu. Matandazo sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Ile milima ya matandazo mnayoiona kwenye picha zetu inaozesha gome. Na mti mkubwa ukinyauka bila mdudu wala ukame, uliza kuhusu bomba la gesi. Mabomba ya zamani ya miji hii huvuja, gesi hufukuza oksijeni kwenye udongo, na mizizi hukosa hewa.

Muda: kikao kimoja kwa mwezi, kuanzia saa 12 au saa 1 jioni, kwa muda wa kama saa 2, na kusoma makabrasha kabla yake. Anayefanya shifti ya saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku kwenye nyumba ya wazee hakiwezi, na ndiyo sababu viti hivi vimejaa wastaafu wa mitaa yenye vivuli tayari. Vikao vingi tangu Korona huruhusu kuhudhuria kwa mtandao. Uliza hilo kabla ya kujaza fomu. Kiti ni cha mkazi: ukihamia mji jirani wa Auburn kufuata nyumba, unamwandikia karani barua ya kujiuzulu, na nafasi inatangazwa upya.