Re: Programu imejengeka, ila kwenye emuleta haipati seva

Mkuu, kama nimekuelewa, `./gradlew assembleDebug` (amri ya kujenga programu) imepita bila kosa na APK (faili la kusakinisha programu) imeingia kwenye emuleta (simu ya Android ya kuigiza ndani ya kompyuta), ila programu ikifunguka inashindwa kuifikia seva iliyomo kwenye laptopu yako. Acha kujenga upya bila kubadilisha kitu, ujenzi wako hauna shida. Shida ni hiyo anwani ya seva uliyoweka, 127.0.0.1, ambayo maana yake ni "mashine hii hii". Emuleta ni kama simu kamili yenye mtandao wake, kwa hiyo ukiitajia 127.0.0.1 inajitafuta yenyewe. Kwenye msimbo weka 10.0.2.2; kwa emuleta ya Android Studio, hiyo ndiyo anwani ya kompyuta iliyoibeba. Mimi hapo nilikesha usiku mzima, nafuta na kujenga, nafuta na kujenga!

Kama hutaki kugusa msimbo, andika kwenye terminali ya laptopu `adb reverse tcp:8000 tcp:8000`, amri inayopeleka maombi ya poti hiyo ya emuleta kwenye laptopu (8000 iwe poti ya seva yako, yaani namba inayosikilizia), uiache 127.0.0.1 ilivyo. Hata simu halisi iliyochomekwa kwa waya wa USB inakubali.

Ikigoma bado, angalia kama unatumia http tupu (isiyosimbwa, si https). Programu inayolenga Android 9 kwenda juu huzuiwa kuitumia, mpaka uweke `android:usesCleartextTraffic="true"` kwenye AndroidManifest.xml (faili la maelezo ya programu). Iwe kwenye toleo la majaribio tu, tafadhali.