Kila Chati Imeandikwa 20

SWALI: Wodini kwetu safu ya upumuaji imejaa 18 na 20 tu, kuanzia mgonjwa aliyepasuliwa ngiri hadi mwenye nimonia. Tuna kimashine cha kidoleni cha kupima oksijeni. Kikisoma asilimia 97, kuna haja gani ya kuhesabu pumzi? – Muuguzi, Morogoro

JIBU: Haja ipo, tena kubwa. Kimashine hukuonyesha oksijeni iliyomo kwenye damu. Hakikuonyeshi mgonjwa anavyohangaika kuipata. Mwenye kisukari ambaye damu yake imejaa asidi huhema kwa nguvu, hata mara 32 kwa dakika, ili atoe kaboni dayoksaidi na kuipunguza asidi hiyo. Mapafu yake ni mazima, basi kidole kitasoma 98 huku yeye anazidiwa. Na kuna wa upande wa pili: aliyewekewa oksijeni kisha akachomwa mofini, dawa kali ya maumivu inayopunguza pumzi, anaweza kusoma 97 huku anapumua mara 7 tu.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Akifika 21 hadi 24, mfuatilie kwa karibu na umpime mara nyingi zaidi. Zikiwa 25 na kuendelea, au 8 kushuka chini, mwite daktari hapo hapo.

Ametoka chooni? Mwache apumzike dakika 5. Kisha mshike kifundo cha mkono kama unayehesabu mapigo, mkono wake ukiulaza juu ya kifua, na usimwambie unahesabu nini, maana akijua tu pumzi hubadilika. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 60 kamili. Wanaohesabu 15 na kuzidisha kwa 4, wakikosea pumzi moja wamekosea nne: 20 imeshakuwa 24. Shuka nzito ifunue; kifua kisichoonekana hakihesabiki. Pua zikitanuka au misuli ya shingo ikivutika, andika hayo pia.

SWALI: Mama mwenye kifafa cha mimba anachomwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kila baada ya saa 4. Presha imetulia na muda wa dozi umefika. Nichome? – Mkunga, Lindi

JIBU: Presha haitoshi kukuruhusu. Hakikisha kwanza mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mguu urushe ukigonga chini ya goti, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwenye mfuko tangu dozi iliyopita. Figo ndizo zinazoitoa dawa hii. Mkojo ukipungua, dawa hujaa mwilini. Goti hunyamaza kwanza, pumzi hufuata, kwa hiyo usiache kuligonga. Likikosekana hata moja kati ya mambo hayo matatu, dozi isimame na daktari aitwe.

Akiacha kupumua, msaidie kwa mfuko na barakoa, na mpe dawa ya kuipinga magnesiamu, kalsiamu glukoneti gramu 1 (mililita 10 za asilimia 10) taratibu kwenye mshipa. Chupa hiyo ikae kwenye trei kando ya kitanda chake, si kwenye kabati ambalo ufunguo uko kwa mtu wa zamu nyingine.