Usilipe amana ya hiyo 240Z kabla hujaiona namba yake kwenye picha ya wakati ule

Usilipe. Umeandika kwamba kuna dalali amekuonyesha Datsun 240Z jijini Nairobi, amekuambia ndilo gari ambalo dereva Shekhar Mehta alishindia mashindano ya magari ya Safari Rally mara tano, na anataka amana ya shilingi 500,000 kufikia Ijumaa. Nawe unauliza kama bei inafaa, vipuri vinapatikana wapi, bima ya gari kama hilo inakatwaje, na kama linaweza kuingizwa katika East African Safari Classic, yale mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili na moyo ukaniuma, kwa sababu maneno hayo niliambiwa mimi, jina la gari tu ndilo lililobadilika.

Mehta alishinda mara tano, hilo halina ubishi. Mwaka 1973 alishinda akiwa na mwelekezi wake, yule anayekaa kando ya dereva akimsomea njia, Lofty Drews, ndani ya 240Z, kisha akashinda miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na Mike Doughty. Lakini katika miaka hiyo minne hakuendesha 240Z hata mara moja. Mwaka 1979 na 1980 alikuwa na Datsun 160J, na miwili iliyofuata alikuwa na Violet GT. Kwa hiyo dalali wako amechukua ukweli mmoja mkubwa, ushindi wa mara tano, akaufungia ndani yake uongo mmoja mdogo, gari moja. Hivyo ndivyo wanavyofanya kazi watu hawa. Uongo mtupu ungeushtukia mara moja. Huu uliochanganywa na kweli huingia kama maji kwenye mchanga.

Mimi niliuziwa Peugeot 404. Mwezi Juni 2022 nilikwenda Naivasha kutazama Safari, mwaka wa pili tangu mashindano yarejeshwe kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, na nikasimama kando ya njia ya Kedong hadi vumbi likanijaa masikioni. Kalle Rovanperä alishinda, na magari ya Toyota yakachukua nafasi nne za kwanza. Nilirudi nyumbani Nakuru nikiwa nimewaka moto wa mapenzi ya Safari, nikawa nasimulia kila aliyekaa karibu nami jinsi marehemu baba yangu alivyokuwa akinibeba mabegani siku za Pasaka kwenda kuyaona magari yakipita. Nadhani maneno hayo yalimfikia mtu asiyestahili kuyasikia, kwa sababu haikupita miezi mitatu nikapigiwa simu.

Aliyenipigia alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Aliniambia ana 404 ya Bert Shankland na Chris Rothwell, lile gari lililoshinda Safari ya 1967, na kwamba limekaa ghalani miaka mingi kwa sababu wenye nalo hawakujua thamani yake. Nilipofika nilikuta gari jeupe, limesuguliwa vizuri, lina taa nne za ziada mbele na vyuma vya kinga ndani. Alinionyesha picha ya zamani iliyokuwa kwenye fremu: 404 nyeupe ikitoka kwenye dimbwi la matope, watu wamejipanga kando wakishangilia. Akanionyesha na barua yenye muhuri, ya mtu aliyejitambulisha kuwa aliwahi kufanya kazi kwenye timu. Nilipouliza mbona injini ina kabureta ilhali nimesikia magari yale yalikuwa na pampu ya kuingiza mafuta, alijibu bila kusita kwamba pampu iliharibika, hakuna fundi aliyeiweza, ikabidi injini ibadilishwe. Jibu hilo lilinitosha. Nililipa shilingi 1,900,000. Fundi wangu aliniambia baadaye kwamba 404 ya kawaida yenye hali kama ile isingezidi 400,000.

Na kabla mtu hajanicheka, akumbuke kwamba Safari imewahi kuwakwamisha hata madereva waliofuatwa na helikopta na mafundi wa kiwanda kizima, sembuse mimi niliyekuwa na fremu ya picha tu mkononi.

Mlango wa gari ulianguka mwezi uliofuata, na ninaposema ulianguka nasema hasa: bawaba ilikatika kwa kutu. Fundi alipoukwangua apate kuchomelea, chini ya rangi nyeupe ikatokea rangi ya kijani, na juu ya kijani hicho kulikuwa na herufi hafifu za duka la saruji na mabati. Tulisimama pale gereji tukizisoma herufi moja moja kama watoto wa darasa la kwanza. Gari langu la ubingwa lilikuwa limezunguka mjini likifanya kazi za duka. Tukafungua boneti, tukasugua kile kibati cha kiwandani kwa mafuta ya taa na mswaki, tukaandika nambari ya chesisi, na mtu anayezijua Peugeot akatuambia kwamba gari hilo lilitengenezwa mwaka 1970. Lilikuwa halijazaliwa Shankland aliposhinda.

Lakini lililonichoma kuliko yote lilikuwa kwenye ile picha. Niliitoa kwenye fremu nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Nusu ya namba ya usajili ilikuwa imefunikwa na matope, ila herufi ya mwisho na tarakimu mbili zilisomeka waziwazi, na hazikufanana hata kidogo na za gari nililonunua. Ushahidi wa uongo ulikuwa ukutani pangu tangu siku ya kwanza, na ni yule mwongo mwenyewe aliyenipa. Dakika moja ya kutazama ingeniokolea shilingi 1,500,000.

Sina hasira na fundi, wala na aliyeandika barua, ambaye huenda hata hayupo. Hasira zangu ni kwa yule dalali, kwa sababu alijua. Alijua ninamzungumzia baba yangu. Alinisikiliza nikimweleza jinsi mzee alivyokuwa akilitaja jina la Joginder Singh, bingwa wa Safari, kama mtu anayemtaja jirani, akaitikia kwa kichwa, akanimiminia chai, kisha akanitajia bei. Mtu anayekuuzia gari bovu amekuibia fedha, lakini anayekuuzia kumbukumbu ya uongo amekuibia na kile ulichokuja nacho.

Ni muhimu uelewe kwa nini wizi huu ni rahisi kwa Safari kuliko kwa mashindano mengine, maana historia yenyewe ndiyo inayowapa nafasi. Safari ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei zake dukani, na hapakuwa na mshindi wa jumla. Kwa hiyo ukiletewa gari la bingwa wa jumla wa 1953, funga mlango. Kwa miaka mingi magari yaliyoshindana yalifanana sana na yale ambayo mwalimu au mfanyabiashara aliyanunua kwa matumizi ya nyumbani. Joginder na ndugu yake Jaswant walishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 kuukuu, iliyokuwa imeshakimbia Safari ya mwaka uliotangulia mikononi mwa dereva mwingine. Gari lilinunuliwa, likakimbia, likauzwa, likaenda kubeba viazi. Ndiyo maana kila kijiji cha Bonde la Ufa kina mzee anayejua 404 fulani iliyokimbia Safari, na pengine anasema kweli.

Kukimbia, hata hivyo, si kushinda, wala si kumaliza. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968, mvua ilipoigeuza njia kuwa bahari ya udongo mweusi, yalianza 93 yakamaliza 7 vilevile. Mara zote mbili walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mara zote mbili walikuwa ndani ya 404. Shankland na Rothwell, waliotoka Tanzania, walishinda 1966 na 1967, na hizo 404 zao zilikuwa za pampu, si za kabureta. Hesabu mwenyewe: 404 zilishinda mara nne tu, katika miaka minne inayojulikana, ilhali zilizoingia mashindanoni na kuishia mitaroni ni nyingi mno.

Halafu magari ya washindi wakubwa hayakupotea kienyeji kama unavyosimuliwa. 240Z ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia mwaka 1971 imehifadhiwa na Nissan wenyewe huko Japani. Kuanzia 1972, Hannu Mikkola alipokuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, na hasa baada ya Safari kuingizwa katika ubingwa wa dunia mwaka 1973, viwanda vilijua vizuri thamani ya gari lililoshinda. Anayekuambia kwamba gari kama hilo lilisahauliwa ghalani inampasa akuonyeshe lilifikaje huko, mwaka kwa mwaka, mmiliki kwa mmiliki.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nami nimeilipia: namba ya usajili kwanza, hadithi baadaye. Tafuta picha ya mwaka unaotajwa, si kwa dalali bali kwenye magazeti ya wakati huo yaliyohifadhiwa maktaba, ambako gari la mshindi lilipigwa picha kutoka pande zote. Isome namba. Ilinganishe na iliyo kwenye kitabu cha gari, kisha ilinganishe kitabu na kibati, na kibati na nambari iliyogongwa kwenye chuma. Mnyororo huo ukikatika mahali popote, unachonunua ni gari la zamani tu, na ulipie bei ya gari la zamani. Barua zenye mihuri, taa za ziada, vibandiko vya mlangoni na machozi ya muuzaji visikuingie akilini kabla ya hapo. Muuzaji mkweli hatachukia ukimwomba haya. Atakushukuru, kwa kuwa yanampandishia thamani. Wangu alichukia nilipogusa tu ile fremu, akaniambia picha ni dhaifu, nikaiacha.

Kitu kingine: mwaka uliotajiwa uandikwe. Mwambie dalali wako achague mmoja katika ile mitano, auandike kwa mkono wake na atie sahihi. Akiandika 1979, 1980, 1981 au 1982, umeshamaliza kazi, hiyo haikuwa 240Z. Akiandika 1973, bado ana mzigo wa kukuonyesha namba.

Alhamisi nenda na tochi, kitambaa na mafuta ya taa kidogo. Usiende peke yako. Piga picha ya kibati, ya nambari iliyogongwa, ya kitabu cha gari na ya namba ya usajili, uziweke hapa kabla ya jua kuzama. Nitakuwa nazisubiri, na wapo humu watu wanaozijua Datsun kuliko mimi. Ile 404 ningali nayo. Niliirudishia rangi yake ya kijani, na zile herufi za duka tumeziacha zionekane.