Omba kwanza kuona labo

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu,

Uliniandikia usiku: "Mama, nina minervali, ile ada ya chuo, ya mwaka mmoja tu. Nitajuaje chuo kipi kinafundisha kemia kweli kabla sijalipa?" Sikukujibu palepale kwa sababu swali lako ni zito, na pesa hiyo umeitafuta kwa jasho lako huko Likasi.

Hapa kazini tunapokea wanafunzi wa staji, wanaokuja kujifunza kazi. Mwaka jana alikuja kijana mwenye alama nzuri sana, amemaliza miaka mitatu. Nikampa mmumunyo wa shaba, apime una shaba kiasi gani. Kazi hii naifanya kila siku: ukishatia iodidi, mmumunyo unakuwa kahawia, unadondosha thiosulfati kutoka kwenye bireti, ule mrija mrefu wa kupimia wenye koki, mpaka rangi ipauke kama nyasi kavu, ndipo unatia wanga, unageuka bluu nyeusi. Kuanzia hapo unahesabu tone kwa tone, maana tone moja linatosha kuuacha mweupe kama maziwa. Yeye alifungulia bireti kama bomba la maji. Nilipomuuliza, akaniambia kwamba chuoni kwao bireti walichorewa ubaoni. Niliumia, mwanangu. Wazazi wake walilipa kama wengine.

Kwa hiyo usianzie ofisi ya kuandikisha. Nenda siku ya masomo, saa nne asubuhi, uombe kuona labo, ile maabara ya kemia. Angalia meza kama zina madoa ya asidi, angalia chupa kama zimefunguliwa. Wakihangaika nusu saa kutafuta ufunguo, umeshapata jibu.

Kisha kaa na wanafunzi wa mwaka wa pili, mbali na wakubwa wao. Waulize kama profesa anakaa hapa mjini, au anakuja kwa ndege, anamaliza somo la muhula mzima kwa siku kumi, anawaachia silabasi, kile kijitabu cha somo, ya kununua na kuondoka. Somo likirundikwa hivyo, utamuuliza nani pale usipoelewa? Waulize pia kama kazi zao zinarudishwa zikiwa zimesahihishwa, au wanaona alama tu ukutani. Hili mimi naliweka juu kuliko jengo zuri.

Karatasi nazo uzione: arreti ya waziri, yaani amri inayokipa chuo kibali, itaje filieri yenyewe, yaani fani utakayosoma, siyo jina la chuo peke yake. Kredi 180 za lisansi, ile shahada ya kwanza, kwa mihula sita kila chuo kinaweza kuziandika. Wewe tafuta ni ngapi kati yake ni kazi za mikono ndani ya labo.

Wala usichague kwa umri wa chuo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzishwa 1955, na nimefanya kazi na watu hodari waliotoka pale. Lakini wewe utafundishwa na asistanti, yule msaidizi wa profesa, wa leo, ndiye wa kumuulizia.

Njoo Alhamisi jioni, Ijumaa sifanyi kazi. Tutaanzia Kasapa, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Ijumaa asubuhi, halafu twende kwenye kile chuo kipya. Mpaka hapo usilipe hata faranga moja.

Mama yako