Maswali Yenu: Dikshonari ya Kiingereza Ninunue Ipi?

Mwezi huu simu yangu imejaa maswali ya dikshonari, nafikiri ni kwa sababu shule zafunguliwa na ile orodha ya vitabu imeshafika majumbani. Nimechagua manne, mengine yote yanafanana na haya.

Mwalimu, asalaam aleikum. Niko hapa Langoni, Lamu. Kijana wangu yuko fomu tatu, wameambiwa kila mtu awe na dikshonari ya kisasa. Babake alimwachia moja kubwa, nzito kama tofali, lakini kijana anasema imezeeka atumie ya simu. Mimi naona ataka simu mpya tu. Nani ana haki? – Mama wa Langoni

Waaleikum salaam mamangu. Kila mmoja ana haki kidogo, na hilo la simu mpya mtamaliza wenyewe.

Jalada usiliamini, hata likiandikwa "new" kwa dhahabu. Fungua ndani, nyuma ya ule ukurasa wenye jina la kitabu, pana maandishi madogo ya hakimiliki na pale ndipo penye mwaka, lakini angalia mwaka wa toleo sio mwaka wa kuchapwa tena, manake kuchapa tena ni kuongeza nakala tu, maneno ni yale yale. Kisha mwambie kijana atafute "selfie". Neno hili Oxford walilitangaza kuwa neno la mwaka 2013, kwa hivyo dikshonari kubwa ikiwa haina, ujue imezaliwa kabla ya hapo.

Sasa na yeye mpe mtihani wa simu yake. Atafute "computer" kwenye ile apu ya bure. Ikimwambia computer ni mtu anayepiga hesabu, basi apu yake ni mzee kuliko babu yake! Sifanyi mzaha, apu nyingi za bure zimechukua maneno ya dikshonari ya Kimarekani ya Webster ya mwaka 1913 kwa sababu hakimiliki yake imekwisha, na enzi hizo computer alikuwa binadamu kweli, analipwa mshahara. Mtoto anadaunlodi leo, anasoma Kiingereza cha kabla ya vita vya kwanza, na matangazo juu yake.

Lakini mwaka sio kitu cha kwanza, hapa ndipo wazazi wengi mnapokosea. Cha kwanza ni dikshonari imeandikiwa nani. Ile ya babake naona ni ya Waingereza wenyewe, yaani mtu ambaye lugha anaijua tangu tumboni, yeye anataka maana na asili ya neno basi. Mtoto wetu anataka zaidi, anataka aambiwe neno linatumikaje. Nitakupa mfano wa neno moja, "borrow". Sisi Kiswahili tuna "azima", nikikuazima wewe ni azima na nikiazima kwako ni azima, neno moja linakwenda na kurudi kama mashua ya Mokowe. Kwa hivyo mtoto anaandika "borrow me your pen" na anashangaa kwa nini amekatwa maki. Dikshonari ya wanafunzi itamuonyesha kwa mifano kwamba anayechukua ni borrow, anayetoa ni lend. Au "discuss", kila mtu kwetu anaandika "discuss about" kwa sababu kichwani ni "kujadili kuhusu", dikshonari ya wanafunzi inakukataza hapo hapo. Au ile herufi U kwenye mabano karibu na "advice" na "furniture", hiyo yamaanisha neno halihesabiki, hakuna advices. Hako kaherufi kamoja kangewaokoa wanafunzi wangu maki chungu nzima, na nimefundisha miaka mingi.

Za aina hii zilianzishwa na Mwingereza A. S. Hornby aliyekuwa anafundisha Japani, yake ya kwanza ikachapwa Tokyo 1942, halafu Oxford wakaitoa 1948. Ndiyo hii leo inaitwa Oxford Advanced Learner's, toleo la 10 ni la 2020. Ukikosa hiyo chukua Longman Dictionary of Contemporary English, toleo la 6 la 2014, mimi naipenda kwa sababu maelezo yake yote yameandikwa kwa maneno kama 2,000 tu, huendi kutafuta neno gumu ukapewa mengine matatu magumu. Toleo la 9 la Oxford la 2015 ukilipata kwa mtu anauza, nunua, tofauti sio kubwa ya kukukosesha usingizi. Na hilo la 10 la karatasi asitafute COVID-19 ndani, lilitoka mwanzo wa 2020 na jina lenyewe WHO walilitoa Februari 11 mwaka huo huo.

Za barabarani za bei ya kutupa usinunue bila kufungua. Mimi mwenyewe niliwahi kununua moja Mombasa, jalada lang'aa, nimefika nyumbani usiku nafungua herufi M, kurasa zinafika katikati zinarudi tena L, kisha yaruka mpaka N. Yaani nusu ya M sikupewa, na zile alama za matamshi zimekuwa madoa ya wino. Muuzaji nilirudi kumtafuta, pale pale nikakuta mtu anauza soksi.

Ya babake msitupe. Muiweke juu mbali na ukuta, chumvi na mchwa wa hapa mwawajua.

Mambo Mwalimu. Nafanya kazi hotelini Malindi na usiku naandika hadithi za Kiingereza. Rafiki kaniambia mwandishi wa kweli anatumia Webster. Ni kweli? – Kijana wa Maweni

Poa mwanangu. Webster ipi? Noah Webster alitoa yake Marekani 1828, akafa, kampuni ya Merriam ikanunua haki 1843, lakini jina "Webster" lenyewe limekuwa mali ya kila mtu, yeyote anaweza kulibandika kwenye kitabu chake. Kwa hivyo ukitaka ya ukoo wenyewe tafuta Merriam-Webster, zile nyingine wengi wamevaa kanzu ya kuazima. Na ni ya Kimarekani, color bila u. Ukiandikia wahariri wa Marekani ni sawa, ukiandikia wa Nairobi au London chukua ya Uingereza.

Lakini wewe mwandishi shida yako sio maana ya neno, shida yako ni neno gani linakaa na lipi. Fikiria mzungu anajifunza Kiswahili hapo hotelini kwenu, anakuuliza kwa nini mnapiga pasi, mnapiga simu, mnapiga mswaki, wamekosa nini? Utamjibu nini? Ndivyo tu linavyosemwa. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. Kusi ikivuma sisi twasema upepo mkali, ukitafsiri "sharp wind" msomaji atasita, wao kwa kawaida ni "strong wind", halafu mvua ikawa "heavy" sio strong. Kuna dikshonari ya kazi hii peke yake, Oxford Collocations Dictionary, toleo la 2 ni la 2009 na bado ni dawa. Nunua hiyo kabla ya thesaurus, yaani kile kitabu cha maneno yenye maana zinazokaribiana. Thesaurus kwa mtu anayejifunza ni kama kabati la nguo za watu, unavaa yoyote inayong'aa halafu wajitokeza harusini na nguo ya matanga.

Na maneno ya kwetu kwenye hadithi yako usiyaonee haya, Oxford English Dictionary ile kubwa mwaka 2022 iliingiza rundo la maneno ya Afrika Mashariki, chips mayai imo.

Mwalimu wetu anasema "realize" kwa z ni Kimarekani na anakata maki. Lakini dikshonari ya Oxford ina z! Nimuonyeshe? – Msichana, Malindi

Muonyeshe, lakini kwa adabu, mwisho wa kipindi, sio mbele ya darasa. Oxford wenyewe hutanguliza -ize na -ise wanaiweka pembeni kuwa nayo ni sahihi. Z sio ya Marekani peke yake. Ila magazeti mengi ya Uingereza yanatumia s, hapo ndipo mwalimu wako alipoizoea. Kwenye mtihani chagua moja uishikilie mpaka mwisho wa karatasi. Na "advertise" na "surprise" ni s kila mahali, hata Marekani, hapo usimletee mwalimu ubishi.

Ya Kiingereza kwa Kiswahili haitoshi? Na ile ya Macmillan ya mtandaoni mbona haifunguki? – Baba, Shela

Macmillan walisema 2012 kwamba hawachapi tena karatasi, watabaki mtandaoni, na 2023 mtandaoni nako wakafunga. Kwa hivyo bando lako halina kosa. Oxford ya wanafunzi, Longman na Cambridge bado ziko bure na zinakutamkia neno kwa sauti, ila wewe wa Shela wajua mtandao ukikata umekata, ndiyo maana mimi nasema nyumba iwe na moja ya karatasi.

Ya Kiingereza kwa Kiswahili, mfano ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam) ya 1996, ni nzuri kujua "lobster" ni kamba wa aina gani, lakini haitamfunza mtoto kupanga sentensi. Za 1996 nazo usizitafutie selfie. Mtoto wa darasa la nne mpe hiyo, akifika la saba ongeza ya Kiingereza kwa Kiingereza, na ukiwa waja mjini Ijumaa pitia kwangu nikuonyeshe yangu ya Longman, nusu ya M iko.